Nimegwa

Kazini kwangu ni Nyali, ghorofa ya tatu,
juu ya duka la magodoro.
Kwenye kioo nina wazee thelathini na wanane,
kila mmoja kitone cha kijani:
Kuze watano, Kibokoni tisa,
na mmoja wa Likoni ambaye kila Jumanne
kitone chake huvuka feri kwenda kliniki ya sukari.

Bi Rukiya binti Shee, miaka themanini na mmoja,
alinunuliwa bangili na mwanawe aliyeko Sharjah.
Siku ya kwanza ikalia adhuhuri.
Ikalia alasiri.
Nikampigia: Bibi, umeanguka?
"Sikugwa. N'mesujudu.
Hiki kidude chenu hakijui kibla?"

Tukakifunza. Wiki mbili tukipima
paji linaloteremka kwa hiari
na mwili unaotupwa na sakafu yenye maji.
Kikajua. Tulinunua kaimati, tukapongezana.

Kisha akaanguka kweli.
Msalani, saa tisa usiku.
Bangili ikamuuliza kwa sauti laini ya mtangazaji:
*Je, umeanguka? Jibu ndiyo au la.*
Nimegwa.
*Samahani, sijakuelewa.*
Nimegwa, n'shikani.
*Samahani.*
Nimegwa, mwanangu, nimegwa.

Rekodi yote nimeisikiliza. Dakika kumi na saba,
na maji ya mfereji yakitiririka nyuma yake,
mpaka Mbwarali, fundi cherehani wa chumba cha pili,
aligonga ukuta, akauliza, akavunja komeo.
Ukuta ulifahamu Kimvita.
Mashine yetu ilikuwa imesoma shule.

Nyonga haikuvunjika. Ilitegua tu, alhamdulillahi.
Lakini bibi yangu mzaa mama
alikuwa akigwa na kuinuka kwa neno hilo hilo,
na orodha ya maneno niliiandika mimi,
kwenye kiti hiki,
na sikulitia.

Basi nikatoka na daftari.
Nikabisha milango, nikanywa kahawa nisizozihesabu,
nikiuliza watu wazima: ukiumwa, wasemaje?
*Moyo wanipapa. Kichwa changonga.
Mato yafanya kiza.
Mwili wanizizima, kama nimelazwa juu ya barafu ya samaki.*
Mzee Khatib Mwinyikai, karani mstaafu wa forodha,
alivua miwani kabla ya kunijibu:
"Mimi nikisema *sijambo kidogo*,
usingoje neno la pili. Leta daktari."
Nikaandika. Nikapiga mstari chini yake, mara mbili.
Jirani yake akasema yeye haumwi kamwe,
na huku ameshika ubavu.
Hilo sikujua niliandike vipi.

Mwezi huu nimehamia zamu ya usiku.
Juzi, saa nane na dakika kumi, Kibokoni ikawa nyekundu.
Bi Rukiya: *Nimegwa.*
Safari hii mashine ilifahamu papo hapo,
ikaniamsha, ikatafuta gari la wagonjwa.
Nikatazama vipimo. Moyo sabini na mbili.
Mwili umekaa wima, kitandani, haukutikisika.
Bibi, umegwa wapi?
Kimya.
"Usingizini," akasema. "Nimegwa kutoka usingizini,
na sasa siwezi kupanda tena."

Gari nikalirudisha.
Akanieleza mikate ya mofa ya mama yake,
jinsi tanuri ilivyopashwa,
na dada aliyeungua mkono akaficha siku tatu.
Akaniuliza nimeolewa. Nikamwambia bado.
Akaniuliza tena, kana kwamba mtandao ulikatika.
Adhani ikaingia kwa simu yake kwanza,
kwa dirisha langu baadaye kidogo.
"Haya, nakwenda kusujudu," akasema. "Usinipigie."

Fomu hutaka sababu ya mlio, na hutoa nne:
kuanguka, moyo, dawa, hitilafu ya kifaa.
Nikaweka kidole kwenye ya kwanza,
nikakiondoa.
Aliyekuja kupokea zamu alinikuta bado nimeifungua.